Ningu Wakipanda, Ndoano Ilale

Juzi mlinitumia picha kwenye simu. Osoro amesimama kando ya Mto Riana, suruali imelowa hadi magotini, amemshika ningu kwa mkono mmoja na meno yote yako nje. Wenzake wameinua vidole gumba nyuma yake. Chini mmeandika, "Mzee, damu yako hiyo!" Niliitazama picha hiyo kwa muda, na si kwa sababu ya Osoro, kwa kuwa sura yake naijua tangu siku aliyozaliwa. Nilikuwa namtazama samaki. Tumbo lilikuwa limejaa na kushuka. Alikuwa jike, ana mayai, na huu ni mwezi wa Aprili, mvua inanyesha kila alasiri.

Sasa kaeni. Sitagomba. Mama yenu amenikataza kugomba tangu presha yangu ilipopanda. Lakini mtu aliyekula mshahara wa uaskari wa samaki miaka yote hiyo hawezi kuona picha ya namna hiyo, akaandika "hongera", akaendelea kunywa chai. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wanangu, pamoja na hao marafiki zenu wanaovua nanyi Jumamosi wakidhani ndoano ilivumbuliwa mwaka jana.

Nilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa kwetu Nyamira walicheka mpaka wakashika mbavu. "Askari wa samaki? Kwani samaki wameiba nini?" Ninyi mmezaliwa mkikuta mabwawa ya samaki kila kijiji, hamuwezi kuelewa. Wakati ule samaki wetu sisi Wakisii alikuwa ni yule anayekuja sokoni kutoka ziwani, amekaushwa, kichwani kwa mama wa Kijaluo. Kuvua kwa ndoano ulikuwa mchezo wa watoto wanaochunga mbuzi. Mtu mzima akionekana kando ya mto ameshika fimbo na mshipi, majirani walidhani amefutwa kazi na bado hajamwambia mkewe.

Hata hivyo walikuwepo waliopenda. Walimu, makarani, daktari mmoja wa meno, na wafanyabiashara wa mjini Kisii waliokuja Jumapili na kofia pana na chupa za chai. Wote walitakiwa kuwa na leseni. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na baiskeli, kuangalia leseni, kupima samaki juu ya ubao wenye alama, na kuhakikisha hakuna anayevua mahali palipofungwa. Mnaona ni kazi rahisi. Jaribuni kumwomba daktari wa meno afungue kikapu chake wakati ana hakika siku moja utaenda kufungua mdomo kwake.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mkubwa wangu. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, Bwana Jayanti, Mhindi aliyezaliwa pale pale Kisii, anayeongea Kikisii kitamu kuliko changu na kubishana bei za misumari kwa methali. Alipenda kuvua kupita kiasi, lakini mama yake mzazi, aliyekaa naye nyumbani, hakutaka hata harufu ya samaki ipite mlangoni. Kwa hiyo alivua kutwa nzima na kuwarudisha wote. Wanakijiji walikuwa wakikaa ukingoni kumtazama. Siku moja mzee mmoja akaniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Huyu anawafundisha kuogelea?"

Siku ya kwanza nilipompima samaki mbele ya Bwana Jayanti, nilimshika kwa mikono mikavu, nikamlaza ubaoni, nikaona hajafika kipimo, nikamrusha mtoni kwa nguvu ya serikali. Chubwi! Nikajipangusa, nimetekeleza sheria. Bwana Jayanti akavua kofia.

"Bwana askari," akasema, "umemrudisha au umemzika?"

Akanionyesha. Lowanisha mikono kwanza, kwa maana samaki ana ute mwilini unaomkinga, na mkono mkavu unaubandua kama ngozi. Ndoano uibane ule mwiba wake kwa koleo kabla hujatoka nyumbani, itatoka mdomoni bila kuchana. Usimshike kwa matamvua hata kidogo. Mshushe majini, kichwa kitazame yanakotoka maji, mkono wako uwe wazi chini ya tumbo, kisha ungoje. "Usimsukume," alinikumbusha kila mara. "Mgeni hasukumwi mlangoni. Akipata nguvu ataaga mwenyewe." Hayo ndiyo mafunzo bora niliyowahi kupata, na niliyapata kwa mtu niliyetumwa kumkagua. Bwana Jayanti, popote ulipo, nashukuru.

Mengine nilijifunza kwa macho. Mvuvi mwenye samaki wadogo kwenye kikapu hukusalimia ukiwa bado mbali, na hukuuliza habari za watoto mpaka wa jirani. Mvuvi asiye na leseni hujipapasa mifuko yote, pamoja na ile anayojua haina kitu. Anayesema "leo hakuna kitu" kabla hujamuuliza, kaa chini, funga kamba za viatu vizuri, utakaa hapo muda. Na minyoo mizuri ya chambo iko chini ya mgomba uliooza, si kwenye udongo mkavu mnakochimba ninyi mkitoa jasho bure.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Athumani, mtu wa Lamu, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka kinatutia aibu sisi tunaosema "mti kubwa". Siku moja aliitisha mkutano sokoni Birongo kuwaeleza watu kuhusu sehemu za mito zilizofungwa. Akasema kwa sauti, "Ndugu zangu, wanaovunja sheria hii zaidi ni akina baba! Baba ndiye anayewafundisha watoto tabia mbaya!" Akina mama wazee waliokaa mbele wakaanza kunung'unika. Mmoja akasimama na kijiti chake. "Sisi? Hata mtoni tunaenda kuchota maji tu!" Wengine wakamuunga mkono, mkutano ukataka kuvunjika. Nilimvuta Bwana Athumani pembeni nikamweleza kwamba kwa Kikisii, baba ni mama. Akashika kichwa. "Na baba je?" "Baba ni tata." Akarudi mbele, akaomba radhi, na tangu siku hiyo akisema neno lolote la ukoo alinitazama kwanza.

Sasa tuje kwa ningu wa Osoro. Mvua ndefu zikianza, mto hufurika na maji hupanda juu ya nyasi za ukingoni. Ningu hutoka chini kabisa, upande wa ziwani, wakapanda dhidi ya maji yote hayo ili wakatage kwenye nyasi zilizofunikwa. Wamechoka, wamejaa mayai, wamesongamana kwenye vidimbwi, na mtu asiyejua hata kufunga ndoano anaweza kuwapata. Ndiyo sababu sehemu moja ya Riana chini ya Suneka ilifungwa kila msimu wa mvua. Akina mama sokoni hawakuhitaji maelezo marefu. Niliwauliza tu, "Ni nani hapa anakula mahindi ya mbegu mwezi wa kupanda?" Walinielewa. Wanaume ndio walioniuliza maswali.

Mwaka ninaotaka kuwaeleza, nilikuwa na shida. Fitina ilikuwa imefika ofisini kwamba mimi nakamata wa mbali na kuwasalimia wa karibu. Haikuwa kweli, lakini fitina haiombi ushahidi. Bwana Athumani aliniita, akafunga mlango. "Mimi nakuamini," akasema, "ila wakubwa wangu hawakujui. Wamesema nikisikia tena umemwacha mtu wa kwenu, sare hiyo utaiacha juu ya meza hii." Dada yenu mkubwa alikuwa anatambaa, mama yenu alikuwa na mimba ya Osoro, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kupanga. Niliondoka ofisini nimeapa kwamba hata nikimkuta nani kwenye sehemu iliyofungwa, nitampeleka.

Mungu naye ana utani wake. Wiki hiyo hiyo, mvua ilipokatika alasiri, niliegesha baiskeli darajani nikashuka kwa miguu kufuata ukingo wa Riana. Nikaona kwanza ng'ombe, mzuri, wa maziwa, amefungwa kwenye kisiki, anakula. Kisha nikaona suruali ya kitambaa, imekunjwa kwa mstari wake, imetundikwa kichakani. Kisha kofia. Chini ya kofia, ndani ya maji mpaka mapajani, kwenye kidimbwi kile kile kilichofungwa, mzee na mwanzi wake wa kuvulia.

Alikuwa babu yenu. Mwalimu Onchari, baba mzazi wa mama yenu, mzee wa kanisa, aliyekuwa amestaafu ualimu mkuu baada ya kuchapa viboko nusu ya Suneka.

Nadhani ninyi wa siku hizi mnaweza kumtumia mkwe ujumbe wenye vikatuni vinavyocheka. Sisi tulikuwa na chinsoni, na wengine bado tunayo. Ndiyo ile haya ya heshima kati yako na baba yako, na zaidi kati yako na wakwe. Mkwe humtazami akiwa hajavaa. Humgombezi, hushiki mfuko wake, hutaji kosa lake mbele yake. Ukikutana naye njia nyembamba, wewe ndiye unayeingia majanini. Ukiwa na jambo zito, unatuma mtu. Na huku mimi sheria inanitaka nimwendee mzee aliye nusu uchi, nimwambie amekosa, nifungue ndoo yake, kisha nimpeleke mjini. Nikifanya hivyo, mama yenu hataweza kuingia tena kwao akiwa ameinua uso. Nisipofanya, sare iko mezani.

Mtu wa kumtuma hakuwepo. Nikageuka haraka, nikampa mto mgongo, nikakaa chini nyuma ya kichaka. Mbele yangu hakuwepo mwingine ila yule ng'ombe, jina lake Malkia. Nilikohoa. Nikasikia maji yakitikisika ghafla nyuma yangu. Alikuwa ameniona.

"Malkia," nikasema kwa sauti. "Habari ya malisho?"

Malkia akaendelea kutafuna.

"Malkia, wewe hujasoma, wacha nikueleze. Kutoka darajani mpaka pale mto unapokata kona, hapavuliwi mpaka mvua ziishe. Ningu wanapanda kutaga. Anayepatikana hapa anatakiwa aende ofisini Kisii, awe nani awe nani."

Kisha sauti ya Mwalimu ikaja, ile ile ya gwaride la asubuhi, ila ilikuwa imeshuka.

"Malkia, muulize huyo anayezungumza nawe, kibao cha serikali kiko wapi?"

"Malkia, kibao kiliibwa. Nasikia sasa ni mlango wa banda la kuku."

"Hm." Maji yakatikisika. Ningekuwa mimi, hapo ndipo ningeponea. Kibao hakipo, sikujua, kwaheri. Nilimngoja aseme hivyo, na niwaambie kweli, niliomba aseme hivyo. Lakini Mwalimu akasema, "Malkia, mwambie kwamba mtu aliyeko majini alijua. Kibao au hakuna kibao, alijua. Mwambie amestaafu, nyumbani hakuna wa kumfundisha, na raha yake imebaki hii moja, ambayo hata nayo anaificha nyuma ya ng'ombe."

Nilisikia uchungu, wanangu. Nilikuwa nimemwogopa mzee huyo tangu siku ya kupeleka posa, na sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kuwa mpweke.

"Malkia," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya kiaskari tena, "raha hiyo si mbaya. Mvua zikiisha mto uko wazi, na leseni inatolewa kwa kila mtu. Sasa hivi, kama kuna samaki kwenye ndoo, ni heri arudi. Mtu alowanishe mikono kwanza. Amshike taratibu, kichwa kitazame yanakotoka maji. Asimsukume."

Nikangoja. Mto ulikuwa unapita. Niliweza kusikia ndoo ikiinamishwa, na pumzi za mzee aliyeinama kwa shida.

"Amekaa," Mwalimu akamwambia Malkia. Baadaye kidogo: "Anapumua." Kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Malkia, ameaga."

"Malkia," nikasema, nikisimama bila kugeuka, "ofisi hufunguliwa asubuhi." Nikaondoka. Sikujua kama atakuja. Nisingeweza kumlazimisha, na nisingeweza kudanganya nikiulizwa.

Jioni mama yenu aliniona sili chinsaga, mboga niipendayo, akajua kuna jambo. Nikamweleza.

"Umemkamata tata?"

"Sijamgusa."

"Kwa hiyo umemwacha?"

"Sijamwacha."

"Sasa umefanya nini, wewe mwanamume?"

"Nimezungumza na ng'ombe wa kwenu."

Akaweka mwiko chini. Hakucheka. "Ukimwaibisha baba yangu, kwa mama sirudi. Ukifukuzwa kazi, tutampeleka wapi huyu na yule anayekuja?" Alinitilia chai, akakaa karibu nami.

Asubuhi Bwana Athumani aliniuliza habari za Riana. Nilikuwa nimefungua mdomo, sijui lingetoka neno gani, mlango ukabishwa. Mwalimu Onchari akaingia amevaa koti, tai, viatu vimeng'aa, na mkononi ule mwanzi wa kuvulia umefungwa kwa kamba. Niliinamisha macho, nikapita pembeni, nikatoka nje. Nikasimama chini ya dirisha.

"Nimekuja kujishtaki," nikamsikia. "Nimevua mahali palipofungwa."

"Nani aliyekukamata, Mzee?"

"Ng'ombe wangu."

"Ng'ombe, Mzee?"

"Anajua sheria zote za mto. Na ana adabu kuliko watu wengi niliowafundisha."

"Na samaki?"

"Alirudishwa. Kwa mikono iliyolowa."

Alilipa faini yake na kuuacha mwanzi ofisini mpaka mvua ziishe. Alipoondoka, Bwana Athumani alitoka nje akanikuta bado nimesimama ukutani. Alijua Mwalimu ni nani kwangu. Akarekebisha kofia yake. "Hata kwetu Lamu," akasema, "mkwe hatazamwi ovyo." Akaanza kurudi ndani, akageuka. "Huyo ng'ombe, mwambie sare yake abaki nayo."

Jumapili hiyo Mwalimu alisimama kanisani akatangaza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba amelipa faini na kwamba aliyemkamata alifanya haki. Basi, ubishi wa Suneka ukaisha. Vijana walisema, "Kama Mwalimu amelipa, mimi ni nani?" Msimu ule hatukumpata mtu mwingine kwenye kidimbwi kile, na mvua zilipokwisha Mwalimu alikuja na leseni yake, akavua mchana kweupe, suruali imevaliwa, hakuna ng'ombe wa kumficha. Walimu wenzake wastaafu wakaanza kumfuata mmoja mmoja. Mimi nilipita kwa mbali, nikamwachia askari mwenzangu amkague.

Angeweza kukana. Angeweza kukaa nyumbani asubuhi ile, na mimi nikapoteza kazi iliyowalisha na kuwasomesha ninyi nyote. Badala yake alivaa tai akaenda kujishtaki, ili mimi nisilazimike kuchagua kati yake na sheria. Kwa mtu mwenye heshima zake, hiyo ilikuwa safari ndefu kuliko ya ningu yeyote. Na mimi, mpaka leo, sijawahi kumwambia asante. Siwezi. Nikimshukuru nitakuwa nimetaja kosa lake mbele yake, na chinsoni haistaafu.

Lakini ninyi ni wajukuu. Mjukuu na babu hawana haya, mnataniana naye mpaka mnamwibia kofia. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, ila masikio yako sawa. Kwa hiyo, Osoro, mwishoni mwa wiki hii ndoano ibaki nyumbani. Chukueni karatasi hizi mwende Suneka, mkae kitandani kwake, mmsomee yote, hata mahali pa suruali. Samahani kwamba leo nimewafanya ninyi ng'ombe wangu. Mkifika hapa, mwambieni mkwe wake anasema asante, tata, asante sana. Mimi nitawasindikiza mpaka uani, ndani sitaingia. Someni kwa sauti.